Mjadala: "Tumezoea" ni hekima au ni ugonjwa?

Wana Goma, karibuni tubishane bila kutukanana.

Juma lililopita, alfajiri, nilikuwa ziwani kuchota maji na bidoni mbili, madumu yale ya plastiki. Nikamwuliza mama aliyekuwa mbele yangu, "Mama, hatuchoki?" Akacheka: "Tumezoea, mwanangu." Neno hilo limenikaa kooni tangu siku ile. Mji umelala kando ya Ziwa Kivu, ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 400, na bado katika mitaa mingi maji hufika nyumbani kwa kichwa, kwa mgongo au kwa chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili.

Mlima siudai kitu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo iliposhusha lava katikati ya mji mpaka ziwani, watu walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, na baada ya siku chache wakarudi wakikanyaga mawe yenye joto bado. Mawe yale yale wakayachonga, wakajengea misingi na kuta. Mei 2021 tukakimbia tena, tukarudi tena. Huko ndiko kujitawala ninakokujua: unaogopa, kisha unaamua.

Lakini bomba si volkano. Bomba lina mwenyewe. Ukilizoea bomba kavu kama unavyouzoea moshi wa mlima, umemsamehe mtu ambaye hajakuomba msamaha. Mnasemaje?

*Wa chukudu, Kibumba:*
Kaka, unaongea kama mtu wa mshahara. Mimi nateremsha viazi na kabichi mpaka mjini. Mteremkoni hasira haina kazi. Ukilikasirikia shimo, unalitumbukia. Unatazama mbali, unakanyaga gurudumu la nyuma polepole, unapumua. Ningebeba na hasira ya maji, ya barabara na ya kodi juu ya magunia yale, ningekuwa marehemu zamani. Kuzoea ndiko kumenisomeshea watoto watatu.

*Mama wa sambaza, Kituku:*
Mwenye mada namuunga mkono nusu. Mnasema "tumezoea", nani hasa? Maji hayachotwi na akina baba. Uvumilivu wa nyumba nyingi uko kwenye shingo ya binti wa miaka kumi. Na mimi simo nje ya lawama: wangu nilikuwa namwamsha saa kumi na moja, nikijisifu kwamba namfundisha maisha, hadi mwalimu aliponiita kunieleza kwamba mtoto analala darasani. Niliona haya. Siku hizi kaka yake naye anachota. Amenuna mpaka leo.

*Mzee wa Himbi:*
Wanangu, mvumilivu hula mbivu. Sisi tumeona makubwa kuliko bidoni.

*Mama wa sambaza, Kituku:*
Papa, kwa heshima yako yote, mbivu hizo zinauzwa soko gani? Nikanunue.

*Mzee wa Himbi:*
Haya, mama, umenishika. Ila hasira nayo nimeiona ikitembea katika mji huu, na haikutuletea maji.

*Mwenye mada:*
Papa, hapo sina jibu la haraka. Wa chukudu, wewe umenipiga kweli, lakini sikubali kwamba umezoea. Mtu aliyezoea mteremko hatazami mbali wala hapapasi breki. Wewe unaupima kila safari, ndiyo maana uko hai. Swali langu linaanza ukishafika chini salama: lile shimo unamwambia nani?

Kwenye avenyu yetu tumeanza kitu kidogo Jumatatu. Daftari moja la shule linazunguka nyumba kwa nyumba: siku maji yalipotoka, siku hayakutoka, bidoni imenunuliwa bei gani. Mwisho wa mwezi tutampelekea chefu wa kartye, mkuu wa mtaa wetu, bila kelele, tarakimu tu. Hadi jana walioandika ni watu saba. Mama yule wa "tumezoea" alikataa, akasema daftari halinywewi.

Leo asubuhi, ziwani, ameniuliza kama kalamu yangu bado ina wino.