Tupeane uzoefu: mwanzo gani wa muvi uliwahi kukugandisha kwenye kiti?

Mzee wa Deki: Wakuu, jana nimemkuta mdogo wangu anaruka dakika za mwanzo za kila muvi, eti anawahi stori. Nikakumbuka kibanda umiza cha mtaani kwetu. Pale ukichelewa mwanzo imekula kwako, hakuna wa kukusimulia. Siku ya Jaws ya Spielberg, ile ya 1975, binti anaogelea usiku peke yake, muziki unagonga sauti mbili tu, anavutwa chini, basi. Papa mwenyewe huoni hata pezi. DJ wetu wa kutafsiri naye alinyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Haya, mwageni zenu.

Kokoto: Kweli mkuu. Mi baharini mpaka leo naishia magotini.

Fundi Nondo: Na Spielberg hakulificha papa sana kwa kupenda. Papa la bandia lilikuwa linaharibika kwenye maji ya chumvi, ikabidi atumie muziki na maboya. Lingekuwa zima pengine tungelizoea mapema.

Binti Chumbageni: Mimi ukinificha kitu naona unanizungusha. Nipe siri mimi, wanyime waliomo ndani. Touch of Evil ya Orson Welles, 1958: mtu anatega bomu la saa, analiweka kwenye buti la gari, wenye gari wanapanda na kuondoka taratibu kuelekea mpaka wa Mexico na Marekani. Zaidi ya dakika tatu kamera haijakatwa. Dada wa garini analalamika anasikia tiki-tiki kichwani, hakuna anayemjali! Unataka kuipigia TV kelele.

Fundi Nondo: Hiyo ni hofu, dada. Kinachokugandisha kwenye kiti ni udadisi, na udadisi ni kutojua.

Binti Chumbageni: Kwani unajua litamlipukia nani? Hitchcock, yule mwongozaji wa muvi za taharuki, alishasema, bomu la ghafla linakupa mshtuko wa sekunde 15, ila ukijua lipo chini ya meza unateseka dakika 15.

Fundi Nondo: Alikuwa anaongelea taharuki. Karudie kusoma.

Msafiri wa Korogwe: Mmenikumbusha kitu sijawahi kusimulia. Mzee kasafiri Dodoma, nyumbani tupo mimi na dada, na jamaa wa dada kaja "kuleta madaftari". Nimeweka Inglourious Basterds ya Tarantino. Ufaransa, 1941, mkulima anapasua kuni, binti yake anaanika nguo, kwa mbali Wajerumani wanakuja. Hawafiki upesi, unawaona tu wanavyokaribia. Kanali anaingia na adabu zake zote, anaomba maziwa, anatoa makaratasi, anauliza majina na umri wa familia ya Kiyahudi iliyopotea. Maneno matamu tupu. Halafu kamera inashuka chini ya sakafu: familia imelala pale, viganja mdomoni.

Hapo hapo geti likalia. Mzee! Jamaa akajibanza nyuma ya kochi. Mzee kaingia, shikamoo yangu ikatoka nusu. Badala ya kwenda kuoga, akakaa. Kochi lile lile! Akasema, "Hii inaelekea nzuri, hebu irudishe mwanzo." Nikairudisha. Wakuu, ile sehemu nimeitazama tena na mtu mzima yupo nyuma ya mgongo wa baba yangu. Kanali anawasha kiko, mzee anauliza, "Huyu anajua wamo humo au hajui?" Dada macho kwenye zulia. Kanali akitabasamu, nyuma ya kochi mtu anameza mate. Mzee akatikisa kichwa: "Anajua. Anajua zamani." Sikuelewa anamsema nani.

Kokoto: AKATOKAJE???

Mjuzi Asiye na Ajira: Chai hii, haina hata majani.

Mama Pacha: Mwacheni amalizie. Shemeji alitokaje?

Mpiga Picha Chipukizi: Samahani wakuu kuingilia. Naandaa filamu fupi, inaanza na droni juu ya jiji, kisha gari linapiga honi getini, mlinzi anafungua. Ushauri?

Binti Chumbageni: Kata geti, kata mlinzi. Tumeshafunguliwa mageti ya kutosha nchi hii.

Fundi Nondo: Geti libaki. Mlinzi ndiyo asifungue, tujiulize kulikoni.

Mama Pacha: Anza na maiti mwanangu, hakuna atakayeinuka.

Kokoto: Maiti kila mtu anayo. Anza na mtu nyuma ya kochi 😂

Msafiri wa Korogwe: Nimerudi, bando liliniishia. Muvi ikaenda yote, saa mbili na nusu. Mzee akainuka, akajinyoosha. Kufika mlangoni akageuka: "Mpeni na mgeni chakula, kakaa sana."

Mjuzi Asiye na Ajira: Bado nasema chai. Niongezee kikombe.

Fundi Nondo: Binti, haya, hapo ni udadisi au hofu?

Binti Chumbageni: Usinichokoze. Muulize aliyekuwa nyuma ya kochi.

Kokoto: Mods, uzi upelekeni jukwaa la mahusiano. Kwani walioana?