Wazazi wa Dar: kambi ya kikapu ya likizo imewaumiza watoto wetu na waandaaji wanatujibu kwa dharau

Wakuu, habari za wakati huu. Nina hasira na sitaificha. Nimesubiri mpaka majibu ya hospitali yatoke ndipo niandike, ili nisiseme jambo ambalo daktari hajalisema.

Likizo hii ya Desemba ilifanyika kambi ya mpira wa kikapu ya vijana wa miaka 10 hadi 17 hapa mjini, kwenye viwanja vya shule moja, watoto wakilala hapohapo. Waandaaji siwataji kwa jina, waliokuwepo wanawajua. Ada shilingi 280,000 kwa wiki, fulana na chakula humohumo. Tangazo lilisema asubuhi stamina na ufundi, jioni bonanza. Mzazi akisoma hivyo anaelewa kwamba mtoto atafundishwa, kisha jioni atacheza kile alichofundishwa.

Ufundi ulifundishwa siku ya kwanza tu, kama saa moja hivi: kudunda mpira, kupasi, layapu (kufunga ukiwa unakimbilia goli). Baada ya hapo makocha wote wakahamia kwenye meza ya matokeo na ratiba ya bonanza. Asubuhi saa 12 na nusu watoto wanakimbizwa, wanaruka kichurachura kutoka goli hadi goli, wanapiga pushapu, wanapanda na kushuka ngazi za jukwaa huku wamebeba wenzao mgongoni. Uji. Saa 4 mechi zinaanza, kwenye sakafu ya zege, jua la Desemba la Dar mnalijua. Kuanzia katikati ya wiki kulikuwa na watoto wanaocheza mechi tatu kwa siku moja. Chakula cha mchana kilifika saa 9 alasiri.

Na timu iliyofungwa inakimbia mistari. Tafakarini hilo. Timu inayofungwa ndiyo yenye watoto wadogo, wageni wa mchezo, waliochoka zaidi. Hao ndio wanaoongezewa mbio, halafu saa mbili baadaye wanarudishwa uwanjani kucheza na timu iliyokuwa imekaa kivulini inapumzika. Wanafungwa tena. Wanakimbia tena. Sijui kocha wa namna gani anaangalia kitu hicho mchana kutwa asione kinachotokea.

Mimi nimecheza kikapu shuleni, nimefika UMISSETA, mashindano ya taifa ya shule za sekondari, mazoezi magumu nayajua na nayapenda. Ndiyo maana nasema bila wasiwasi kwamba hawa watu hawajui wanachofanya. Mwili haujengeki wakati wa kukimbia. Ukikimbia unauchosha, nguvu inakuja baadaye ukipumzika, ukila na ukilala. Kwa hiyo mazoezi ya stamina yanafanywa wiki nyingi kabla ya mashindano, na mashindano yakikaribia mzigo unapunguzwa ili wachezaji wafike wakiwa na miguu mibichi. Timu za wakubwa wanaolipwa mishahara zinafanya hivyo. Hapa mtoto wa miaka 12 anaamshiwa kichurachura asubuhi ya siku ambayo ana mechi tatu. Kwa wiki moja hajapata stamina yoyote, amepata uchovu tu. Ukitaka kambi ya stamina, fanya ya stamina. Ukitaka bonanza, fanya bonanza. Ukitaka vyote viwili, panga siku za kupumzika katikati. Hizo hazikuwepo hata moja.

NBA, ligi ya kikapu ya kulipwa ya Marekani, na USA Basketball, chama cha kikapu cha nchi hiyo, walitoa miongozo ya kikapu cha watoto mwaka 2016. Kwa miaka 12 hadi 14 wanasema kikapu cha kupangwa, mazoezi na mechi pamoja, kisizidi saa 10 kwa wiki, na mtoto apate angalau siku moja ya mapumziko kila wiki. Kambi hii ilizimaliza saa hizo 10 ndani ya siku mbili. Na fulana waliyowagawia watoto imechorwa mchezaji wa NBA kifuani!

Sasa niwaambie ya mwanangu. Ana miaka 13, na mwaka huu amerefuka mpaka suruali za shule zimekuwa kaptula. Siku ya tatu ya kambi akasema anaumwa chini ya goti. Kocha akamwambia aache kudeka, acheze. Siku ya nne akawa anachechemea, akaingizwa mechi mbili. Nilipomfuata jioni pale chini ya pia ya goti palikuwa pamevimba, ukipagusa anaruka. Daktari wa mifupa anasema ni ugonjwa unaoitwa Osgood-Schlatter. Unawapata watoto wanaorefuka kwa kasi na kuruka sana: kano inayotoka kwenye pia ya goti imeshikamana na mfupa wa muundi mahali ambapo bado ni gegedu laini, na kila anaporuka ile kano inavuta palepale. Mara nyingi unakwisha mtoto akimaliza kurefuka, lakini lazima apunguze kuruka, aweke barafu, anyooshe misuli ya paja. Daktari aliniuliza swali moja tu lililoniumiza: huyu mtoto aliendelea kucheza baada ya kusema anaumwa? Ndiyo daktari, aliendelea, kwa sababu mtu mzima aliyelipwa kumlinda alimwambia anadeka.

Kuna mengine makubwa kuliko goti la mwanangu. Siku ya tano kijana mmoja alianza kuyumba uwanjani, akatapika, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka. Hapakuwa na muuguzi. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na plasta na chupa tupu ya spiriti. Barafu ilibidi wakanunue kwa mama mmoja jirani anayeuza za mifuko. Gari la kambi lilikuwa limeenda kuchukua makombe na kumpitia mgeni rasmi, kwa hiyo mtoto akapelekwa hospitali kwa bajaji. Mtu aliyechanganyikiwa kwa joto anapozwa kwanza, palepale alipoangukia: kivulini, nguo za juu zinatolewa, maji ya baridi na barafu mwili mzima, wakati usafiri unatafutwa. Huyu alikalishwa kwenye benchi akapepewa kwa ubao wa matokeo. Anaendelea vizuri, namshukuru Mungu kwa hilo, na mama yake ameniruhusu niliandike. Maji ya kunywa, mjue, yalikuwa ya kununua. Mtoto asiye na mia tano anasubiri mwenzake ambakizie.

Wasichana nao walikuwepo, wachache. Makocha wote wanaume, na chumba cha wasichana cha kubadilishia nguo ni darasa ambalo mlango haufungi. Waandaaji walielezwa siku ya kwanza. Mpaka siku ya mwisho mlango ulikuwa vilevile.

Halafu fainali. Wazazi tuliitwa tuje tushangilie. Tukafika tukakuta kwenye timu za chini ya miaka 16 kuna vijana wenye ndevu ambao wiki nzima hawakuonekana kambini. Mamluki, wazi kabisa, wameletwa kutoka timu za mtaani ili picha ziwe nzuri mbele ya mgeni rasmi na mfadhili. Watoto tuliowalipia, waliorushwa kichurachura wiki nzima, wamekaa benchi wanapiga makofi. Kuna baba alisimama akauliza kwa nini mwanae hachezi. Akajibiwa kuwa fainali ni ya ushindani. Kombe lenyewe lilikwenda kwa timu ambayo nusu ya wachezaji wake hawakulala hata usiku mmoja pale. Wetu wakapewa cheti cha kuhudhuria.

Wakati wa hotuba mwenye kambi akasema anatafuta Hasheem Thabeet mwingine, yule Mtanzania aliyecheza NBA. Basi asome habari za Hasheem. Yule alianza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15, na mwaka 2009, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya, akachaguliwa wa pili, na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden na Stephen Curry ambao baadaye wakawa nyota wakubwa. Hakeem Olajuwon kule Lagos alikuwa mtoto wa soka na mpira wa mikono, kikapu alikianza akiwa na miaka 15 hivi, na 1984 akawa wa kwanza kuchaguliwa. Joel Embiid wa Cameroon naye alichelewa vivyo hivyo, alikuwa akicheza voliboli, akaonekana kwenye kambi ya Luc Mbah a Moute, Mcameroon mwenzake aliyekuwa NBA, kule Yaoundé mwaka 2011, na 2023 akawa mchezaji bora wa NBA. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyekuwa akichezeshwa mechi tatu za kikapu kwa siku akiwa na miaka 12. Walifika miaka 15 hivi bila kuchoshwa na kikapu, ndipo wakafundishwa. Na Embiid alionekana kambini, kwa hiyo sisemi kambi hazina faida. Nasema kambi ni mahali pa kocha kumtazama mtoto, na hapa makocha walikuwa wanatazama ubao wa matokeo.

Niliwaandikia waandaaji kwa heshima, nikaambatanisha cheti cha daktari. Nimejibiwa kwa ujumbe wa sauti: mama, mwanao umemdekeza, hawa si watoto, ni wanamichezo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Haikuweka kando wanaovaa fulana ya kikapu. Nilipouliza nani kati ya makocha ana mafunzo ya kufundisha watoto au ya huduma ya kwanza, nikaondolewa kwenye kundi la wazazi la WhatsApp.

Tunachotaka, mimi na wazazi wengine ambao tumeshakaa pamoja, ni waandaaji walipe matibabu ya walioumia. Warudishe ada kwa wale ambao watoto wao waliwekwa benchi kwa ajili ya mamluki. Na kabla ya kutangaza kambi ya Juni, kwa sababu tayari wameanza kuitangaza, watoe ratiba ya kila siku kwa maandishi: saa ngapi mazoezi, mechi ngapi, mapumziko lini, muuguzi ni nani, maji yanatoka wapi, kocha wa kike yupo au hayupo. Ratiba hiyo iwe mikononi mwa mzazi kabla hajalipa shilingi.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu yote, nashukuru. Kwa wanaosema watoto wa siku hizi wamelegea na nyie mlikimbia pekupeku mkakua: mlikuwa mkicheza mtaani mkichoka mnakwenda nyumbani. Hakuna aliyewaamuru muendelee huku mnachechemea. Mtoto akiwa huru hujipumzisha mwenyewe. Akiwa chini ya kocha anayemwambia anadeka hajipumzishi, anavumilia mpaka mwili unakataa.

Kwa aliyeuliza kwa nini sikumtoa siku ya tatu: simu za watoto zilikusanywa siku ya kwanza na kurudishwa siku ya mwisho, na wazazi tuliambiwa tusifike kabla ya fainali ili watoto wasipoteze umakini. Mimi nilifika siku ya nne kwa sababu mpishi wa pale, mama mwenye utu, aliazima simu akamruhusu anipigie. Hilo la simu liongezwe kwenye madai, namshukuru aliyelitaja. Mtoto yeyote kambini awe na njia ya kumpigia mzazi kila siku.

Barua yetu inakwenda Jumatatu kwa chama cha mpira wa kikapu cha mkoa, nakala kwa Baraza la Michezo la Taifa na kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Mwenye mtoto aliyekuwepo, hata kama hakuumia, aniandikie faragha kabla ya Jumapili jioni. Tunahitaji risiti za ada, vyeti vya hospitali kwa walio navyo, na picha za fainali zinazoonyesha waliocheza. Mliorekodi video ya mechi ya saa 8 mchana, ile ambayo mtoto alianguka, msiifute na msiisambaze mitandaoni. Nitumieni mimi, itaambatanishwa na barua.