Mwana wa miaka mitatu: nasari ya kaunti au nyumbani?

Mtu wa Langoni: Assalam aleikum. Nasari za kaunti zapokea mwana wa miaka minne, darasa la kwanza la chekechea (PP1), kisha la pili (PP2). Mimi nasema Lamu wafungue na darasa la wa miaka mitatu. Mwasemaje?

Babu Mkomani: Miaka mitatu bado anyonya kidole. Kina mama wa leo wataka kupumzika tu, mwana alelewe na serikali. Tena waalimu ni wa TSC, ile tume ya taifa ya kuajiri waalimu, kaunti haihusiki.

Mama Matondoni: Shikamoo mzee, lakini kupumzika gani? Naamka kabla ya adhana, nasuka makuti hadi vidole vyapasuka, mdogo nimemfunga mgongoni kwa leso. Juzi huyo wa miaka mitatu nimemtoa kisu mkononi, ameshakishika kwenye makali.

Mtu wa Langoni: Mzee, TSC ni kuanzia shule ya msingi. Mwalimu wa chekechea huajiriwa na kaunti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imewapa kaunti elimu ya chekechea na hata vituo vya kulelea watoto. Kwa hivyo wasitwambie ni kazi ya Nairobi.

Babu Mkomani: Mama Matondoni, sikukutaja wewe, mwanangu. Nasema zamani mwana alilelewa na bibi, akapelekwa chuoni, madrasa, akasoma alifu be te, na adabu akapata.

Mama Matondoni: Bibi aliyenilelea wanangu tumemzika mwaka jana.

Babu Mkomani: Mungu amrehemu. Ila usinijibu kwa ukali.

Mwalimu wa Visiwani: Huko chuoni mzee, wa miaka mitatu huketi mkekani na wenzake, hakuna anayemfukuza. Na mradi wa Aga Khan uliounganisha chuo na chekechea ulianzia Mombasa miaka ya 1980, hapa hapa Pwani. Langu ni choo. Shule niliyofundisha tundu la choo lilikuwa la mtu mzima. Wana wadogo waliliogopa, wakajizuia hadi wakajiharibia nguo, nami niko peke yangu na wana arubaini. Mkiniongeza wa miaka mitatu, nani atawaosha?

Mtu wa Langoni: Basi tudai na mlezi wa pili, na choo kidogo.

Babu Mkomani: Sisi hatukuwa na choo kidogo wala kikubwa, na tumekua.

Mama Matondoni: Ya choo nakubaliana na mwalimu. Lakini neno lako bado liko pale juu, mzee. Kupumzika. Lirudishe.