WRF inanyesha Ziwa Victoria kutwa kucha: nibadilishe skimu ipi ya mawingu?

Mwana_Ukerewe
Wakuu, habari za jioni. Nisaidieni kabla sijaitupa hii laptop majini.

Niko shahada ya uzamili, naigiza mvua za Aprili Ziwa Victoria kwa WRF, modeli ya kompyuta ya hali ya hewa. Gridi ya nje kilomita 9, ya ndani kilomita 3, data za kuanzia ERA5 (kumbukumbu za hali ya hewa ya dunia nzima). Baba yangu ni mvuvi wa dagaa, kwa hiyo mvua ya ziwa nimeijua kabla sijajua kusoma: jioni shwari, taa zinawashwa, halafu kuanzia saa nane au saa tisa usiku radi zinaanza kupiga upande wa magharibi hadi kunakucha. Mchana mvua inahamia nchi kavu.

Modeli yangu hayo haiyajui. Ziwani inamwaga mchana na usiku bila kupumzika. Nchi kavu ndiyo kabisa, inanyesha saa sita adhuhuri wakati sisi tunaanua nguo saa kumi. Skimu za mawingu, yaani kanuni za kukadiria mvua ya mawingu madogo kuliko mraba wa gridi, nimejaribu Kain-Fritsch, Betts-Miller-Janjic, Grell-Freitas na sasa New Tiedtke, nimewasha kwenye gridi zote mbili kwa usalama. Kila jaribio ni siku mbili za seva ya chuo, umeme ukikatika naanza upya. Kiasi kinapanda na kushuka, picha ni ileile. Nibadilishe nini?

Kipimamvua
Mkuu mbona rahisi, andika physics_suite = 'tropical', kifurushi cha skimu za tropiki, ulale.

Mwana_Ukerewe
Asante mkuu, ila hiyo ndiyo niliyo nayo sasa hivi: WSM6 ya mikrofizikia (matone na barafu ndani ya wingu), New Tiedtke, YSU ya hewa ya karibu na ardhi, RRTMG ya mionzi. Nimelala, nimeamka, bado inanyesha.

Bi_Mawingu
Mwanangu, skimu ziache kwanza. Fungua wrfinput_d01, faili la hali ya kuanzia, soma TSK (joto la uso) katikati ya ziwa, mbali na visiwa. Niambie umeona ngapi.

Mwana_Ukerewe
Shikamoo mama. 302.1 kelvini, karibu nyuzi 29.

Bi_Mawingu
Marahaba. Sasa baba yako akitia mkono majini Aprili anakuta nyuzi 29? Hapo ni 25 na kidogo. Hiyo 29 ni ya Bahari ya Hindi. Metgrid, programu inayopanga data kwenye gridi, ilipokosa joto la maji ya ziwa ilikwenda kuazima bahari iliyo karibu, nawe umeileta Zanzibar hadi Mwanza bila kulipa nauli.

Ona madhara yake. Mchana nchi kavu inatakiwa iwe ya moto kuliko maji ili upepo wa ziwa uvume kwenda pwani na kuyabeba mawingu. Maji yakiwa nyuzi 29, ardhi haiyapiti, upepo hauvumi, mvua inabaki ziwani. Hata ungebadilisha skimu arobaini.

Tiba: baada ya ungrib (programu inayofungua data za kuanzia) endesha avg_tsfc.exe, kisha kwenye faili la mipangilio namelist.wps, sehemu ya metgrid, weka constants_name = 'TAVGSFC'. Hakikisha data zako za ardhi zina daraja la maziwa, namba 21, la sivyo real.exe, inayotengeneza hiyo wrfinput, haitatofautisha ziwa na bahari. Ila jihadhari: avg_tsfc inachukua wastani wa joto la hewa, na hewa ya pale ni baridi kuliko maji. Mimi huliandika joto la ziwa kwa mkono, kwa vipimo vya setilaiti, nikapata amani.

Ukimaliza ndiyo urudi kwenye skimu. Andika cu_physics = 16, 0, yaani New Tiedtke gridi ya nje, ya ndani zima. Hiyo "kwa usalama" yako ndiyo inayokuharibia saa. Skimu ya mawingu ikiona hewa imepata joto na unyevu wa kutosha inashusha mvua hapo hapo, haingoji wingu likue. Kwenye kilomita 3 liache wingu lijijenge lenyewe. Na hapo ndipo mikrofizikia inapoanza kuwa na maana. Kabla ya hapo ulikuwa unapaka rangi nyumba isiyo na paa.

Kipimamvua
Nakubali nimeshindwa. Niongeze dogo tu: mvua yako ni RAINC (ya skimu ya mawingu) kujumlisha RAINNC (ya gridi yenyewe), na zote ni jumla tangu modeli ianze, kwa hiyo toa jumla ya saa iliyotangulia. Halafu kipimamvua cha kituoni husomwa saa tatu asubuhi, yaani 06 UTC. Ukikata siku saa 00 UTC, unalinganisha na siku nyingine.

Mwana_Ukerewe
Wakuu, nimerudi baada ya siku tano. Kwanza, Kipimamvua, siku nilikuwa naikata 00 UTC. Sitaki kulizungumzia.

Pili, mama, ziwa nimeliweka 25.3 na gridi ya ndani nimezima skimu. Mchana ziwa limekauka. Usiku wingu la kwanza limetokea saa nane kasoro magharibi mwa ziwa. Nilimpigia baba simu kumsomea saa zote moja moja, akaniuliza chuoni nimekwenda kujifunza hilo tu.

Nchi kavu imesogea kutoka saa sita hadi saa nane na nusu mchana. Bado. Usiku huu naweka Thompson badala ya WSM6, umeme ukikubali.