Duka la shangazi halina kompyuta: linafaa kwa kazi ya mifumo ya taarifa?

Binti_Nyalenda
Wadau, hamjambo. Niko mwaka wa kwanza, diploma ya biashara hapa Kisumu, na somo la Mifumo ya Taarifa za Biashara linanitoa jasho. Nilidhani litakuwa la kuandika barua na kujaza Excel. Kumbe mhadhiri ametupa kazi ya kikundi: tuchague biashara, tueleze mfumo wake wa taarifa na sehemu zake tano, kisha tupendekeze jambo moja la kuboresha.

Wenzangu wanataka M-Pesa kwa sababu mtandaoni kuna mengi ya kunakili. Mimi nataka duka la shangazi pale Kibuye, anauza mahindi, maharagwe na omena kwa jumla. Jumamosi huwa namsaidia. Shida ni kwamba hakuna kompyuta. Kuna daftari la madeni, kitabu cha risiti, namba ya till ya kupokelea malipo kwa simu, na mengine yote yamo kichwani mwake. Wamenicheka eti huo si mfumo. Ni kweli? Na laptopu sina.

Keshia_Mstaafu
Waache wacheke. Sehemu tano ni vifaa, programu, data, watu na taratibu. Data, watu na taratibu duka linavyo tele, na simu inayopokea pesa za till ni kifaa chenye programu. Mfumo wa taarifa ulikuwepo hata kabla ya kompyuta. Jiulize tu: shangazi akilazwa wiki moja, nani atajua bei aliyokubaliana na mteja gani? Hapo ndipo penye kazi yenu.

Bingwa_wa_Supu
Chukueni M-Pesa mlale. Ilianza Machi 2007, kila mtu anaijua, mambo yameisha.

Mwalimu_Milimani
Bingwa, kila mtu anaijua kama mteja. Yanayoendelea nyuma yake hawatayaona, kwa hiyo wataandika yaleyale ya makundi mengine, na sisi wasahihishaji tumeyachoka.

Binti, ukiona TPS (mfumo wa kuchakata miamala), MIS (mfumo wa taarifa za usimamizi) na DSS (mfumo wa kusaidia maamuzi) kwenye noti, usizikariri kama majina ya dawa. Mteja akichukua gorogoro mbili za omena na shangazi akaandika, huo ni muamala: TPS. Mwisho wa mwezi akijumlisha akaona maharagwe yameuzwa kiasi gani na madeni yamefikia wapi, hiyo ni kazi ya MIS. DSS huja pale anapojiuliza: ninunue magunia mangapi sasa?

Binti_Nyalenda
Asante mwalimu. Hiyo ya mwisho ndiyo sioni. Shangazi hununua tu anavyojisikia.

Mwalimu_Milimani
Una uhakika anajisikia tu? Muulize kuhusu mbalamwezi. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwaka sana taa hazivuti samaki vizuri, mavuno yanapungua. Nakuhakikishia shangazi anajua hilo kuliko mimi na wewe. Anachokosa ni rekodi. Mkiweka safu tatu, yaani tarehe, bei ya kununulia gunia na hali ya mwezi, baada ya miezi michache ataona kama inafaa kuweka akiba kabla ya mbalamwezi au atapata hasara ya kuhifadhi. Hilo ndilo pendekezo lenu. Msimpendekezee programu ya mamilioni, tafadhali.

Fundi_Data254
Naongeza la hifadhidata, maana mtaulizwa. Fungua daftari la madeni uone kuna kina Mama Achieng wangapi. Wakiwa wawili na mmoja amelipa, unafuta deni la nani? Ndiyo maana kila mteja apewe namba yake isiyojirudia, huo ndio ufunguo msingi. Usitumie namba ya simu, watu hubadilisha laini na wengine hushiriki simu moja. Wazo la kupanga data kwa majedwali alilitoa Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, na linafanya kazi hata kwenye daftari la kupigwa mistari kwa rula.

Laptopu si lazima. Google Sheets iko kwenye simu, na michoro ya mtiririko wa data, yaani inayoonyesha taarifa zinatoka wapi kwenda wapi, chora kwa kalamu kwanza.

Bingwa_wa_Supu
Sawa, nimeshindwa. Lakini msisahau eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Mimi nina kibanda cha chakula, nikinunua maharagwe bila ankara ya eTIMS, kwenye hesabu za kodi ananisumbua mhasibu. Kama shangazi anauzia hoteli, muulize anafanyaje.

Dada_Kondele
Na mkipiga picha za daftari, fichani majina na namba za simu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mbali na sheria, hakuna anayependa deni lake lionyeshwe darasani kwa projekta.

Binti_Nyalenda
Nimewasomea wenzangu uzi huu, wamekubali nusu shingo upande. Ya mbalamwezi nimemuuliza, amenitazama kama nimechelewa kuzaliwa, kisha akanieleza kwa nusu saa. Sharti lake ni moja: daftari halitoki dukani, tunakili palepale, na yeye mwenyewe akiwepo.

Keshia_Mstaafu
Hilo liandikeni kwenye sehemu ya taratibu. Udhibiti wa taarifa, alama hizo.