Tupeane uzoefu: Namna ya kupata msaada wa serikali baada ya nyumba kuteketea kwa moto wa nyika huku Marekani

Mwanzilishi wa mada, Pasadena

Ndugu zangu, ninaomba tusaidiane katika jambo moja tu: familia ambayo nyumba yake imeungua, au imeachwa nyeusi kwa masizi, inaupataje msaada wa serikali?

Mioto ya Eaton na Palisades ilizuka siku moja, tarehe 7 Januari 2025, upepo mkavu uitwao Santa Ana ukivuma kwa nguvu katika Kaunti ya Los Angeles, jimbo la California. Moto wa Eaton uliharibu majengo zaidi ya 9,000, mengi yakiwa Altadena, na ule wa Palisades zaidi ya 6,000. Kesho yake Rais alitangaza kwamba ni janga kubwa, na tangazo hilo ndilo lililoiruhusu FEMA, yaani shirika la serikali kuu linaloshughulikia majanga, kutoa fedha kwa kaya mojamoja. Moto mdogo usio na tangazo la namna hiyo hauleti fedha za FEMA hata kama umekuachia majivu matupu. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza ni kama kaunti yako imetajwa.

Katika jamii yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili nimeona makundi mawili yakikaa kimya hadi muda wa kujiandikisha unapita. La kwanza ni la wenye bima, wanaodhani msaada huu ni wa wasio na kitu. La pili ni la wale ambao hati zao za uhamiaji hazijakamilika, wanaonyamaza kwa hofu. Makundi yote mawili yana haki ya kupata majibu kamili, na majibu hayo anayo aliyepitia. Tafadhali tueleze ulianzia wapi, uliombwa karatasi gani, na barua zilizokuja zilisema nini.

Mama mwenye nyumba, Altadena

Ninashukuru kwa mada hii. Nyumba yetu iliteketea yote, na tulikuwa na bima. Jirani yangu alinihimiza nijiandikishe FEMA hata hivyo, nami ninamshukuru hadi leo, kwa sababu bima na FEMA havizuiani. FEMA hailipi kile ambacho bima imekwisha kulipa, lakini inaweza kulipa kile ambacho bima imekikataa au haikukigusa. Kujiandikisha kunafanyika kwa simu, kwa mtandao, au ana kwa ana katika kituo cha kusaidia waathirika, na kwetu kituo cha kwanza kilikuwa katika jengo la Chuo cha Pasadena City.

Fedha zilizotangulia kufika zilikuwa dola 770, ambazo kwa mioto hii zilitolewa mara moja kwa kila kaya yenye mahitaji ya dharura kama chakula, maji, mafuta ya gari na maziwa ya mtoto. Baada ya hapo ikaja barua iliyosema kwamba ombi langu halijakubaliwa. Wengi niliokutana nao kituoni walikuwa wameishika barua kama hiyo mkononi na wamekata tamaa, nami ninawasihi muisome hadi mwisho, kwa maana sababu huandikwa humo humo. Yangu ilisema kwamba wanasubiri maelezo ya bima, basi. Nilipopeleka barua ya kampuni ya bima inayoonyesha imelipa nini na imekataa nini, faili liliendelea.

Jambo ambalo ningependa kila mtu alielewe mapema ni kwamba fedha za FEMA si za kujengea nyumba upya. Kwa majanga yaliyotangazwa katika mwaka wa fedha wa 2025, kikomo ni dola 43,600 kwa ajili ya makazi, na kiasi hichohicho tena kwa mahitaji mengine kama vyombo, gari na mazishi. Wanaofikia kikomo ni wachache, na kwa bei za ujenzi za hapa fedha hizo hazimalizi hata paa na kuta. Mlango wa kujengea ni mwingine: ni mkopo wa majanga wa SBA, wakala wa serikali kuu ambao jina lake linataja biashara ndogo, na ndiyo maana watu wanaupita wakidhani ni wa wenye maduka. Mwenye nyumba anaweza kuomba hadi dola 500,000 kwa ajili ya nyumba anayoishi mwenyewe, na hadi dola 100,000 kwa vitu vya ndani. Mpangaji naye anaweza kuomba huo wa vitu vya ndani. Ni deni, si ruzuku, lakini riba yake ni nafuu na malipo hayaanzi katika mwaka wa kwanza. Kuomba hakukulazimishi kuuchukua.

Kuhusu bima yenyewe, sheria ya California iliyokuwapo wakati wa mioto hiyo ilisema kwamba nyumba inapoteketea yote katika janga lililotangazwa, kampuni ilipaswa kulipa angalau asilimia 30 ya kikomo cha bima ya nyumba, isiyozidi dola 250,000, kwa ajili ya vitu vya ndani bila kumtaka mtu aorodheshe kila kijiko. Wakala aliyekuwa akishughulika nasi hakututajia haki hiyo, tuliiona tu katika karatasi zilizogawiwa na idara ya bima ya jimbo pale kituoni. Ombeni kwa maandishi, mkitaja sheria.

Vifusi viliondolewa bure, ila kwa masharti. Kwanza walikuja watu wa shirika la mazingira la serikali kuu kuondoa sumu na betri, kisha kikosi cha wahandisi wa jeshi kikaondoa vilivyobaki, lakini kwa yule tu aliyetia sahihi hati ya kuwaruhusu kuingia kiwanjani kabla ya tarehe ya mwisho. Mwenye bima iliyotenga fedha za vifusi hutakiwa kuzikabidhi fedha hizo. Udongo uliobaki haukupimwa na serikali kuu, na hili linaniuma, kwa kuwa watoto watacheza juu yake. Sisi tulilipia maabara wenyewe ili tujue kama una madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu.

Mlezi wa wazee, mpangaji, Pasadena (natoka Mombasa)

Shikamoo Mama, na pole sana kwa yaliyowafika. Ninaandika kwa niaba ya wapangaji, kwa sababu tuko wengi tunaokaa vyumba vya kupanga na kufanya kazi za kulea wazee majumbani, na moto huu ulituchukulia vyote viwili, chumba na kazi.

Katika nyumba tuliyopanga tulikuwa watu watatu tusio na udugu, kila mmoja na chumba chake na chakula chake. Mwenzangu alipotangulia kujiandikisha, maombi yetu sisi wengine yalisimamishwa, kwa kuwa mfumo ulituona kama kaya moja yenye anwani moja. Dawa yake ni kuthibitisha kwamba sisi ni kaya tofauti. Nilipeleka barua ya mwenye nyumba, bili ya simu yenye jina langu, na taarifa za benki zilizoonyesha kodi niliyokuwa nikimlipa kila mwezi. Ndugu anayelipa kodi kwa fedha taslimu aombe stakabadhi kuanzia mwezi huu, hata kama mwenye nyumba ni mtu wa kwao.

Kuhusu kazi, mzee niliyekuwa nikimlea alihamishiwa kwa mwanawe jimbo jingine, na mshahara wangu ukakatika siku hiyo hiyo. Kwa kuwa nilikuwa nikilipwa kama mtu aliyejiajiri, fidia ya kawaida ya kukosa kazi haikunifaa. Ipo nyingine, ya majanga, ambayo hugharimiwa na serikali kuu na kutolewa kupitia EDD, idara ya ajira ya jimbo, hadi wiki 26. Inawahusu hasa waliojiajiri na wale ambao mahali pao pa kazi pameungua. Utaratibu wake ni kwamba unaomba kwanza ile ya kawaida, unaonekana hustahili, ndipo unaingizwa katika hii. Wenzangu wengi walisimama pale kwenye jibu la kwanza. Ushahidi wa kazi niliotoa ulikuwa ujumbe wa simu kati yangu na familia ya mzee, pamoja na malipo yaliyoingia benki.

Baba wa familia ya Kikongo, Kaunti ya Los Angeles

Ndugu mwanzilishi amegusa jambo la hofu, nami nitalizungumzia bila kuficha kwa sababu tumelipitia wenyewe.

Wakongo wengi tuliofika Marekani kama wakimbizi kupitia kambi za Tanzania, Uganda, Burundi na Kenya tunastahili msaada wa FEMA moja kwa moja. Mkimbizi aliyepokelewa, mtu aliyekwisha kupewa hifadhi, na mwenye kadi ya ukazi wa kudumu, wote wamo katika orodha. Ninasisitiza hili kwa kuwa nilikutana na wazee wenye hati zote halali waliodhani msaada ni wa raia peke yao.

Hali ya kwetu ilikuwa tofauti. Mimi na mke wangu ombi letu la hifadhi bado linasubiri, na anayesubiri hahesabiwi kuwa amestahili fedha hizo. Lakini kifungua mimba wetu alizaliwa hapa na ana namba ya Hifadhi ya Jamii, ile tunayoiita soshali. Sheria inaruhusu mzazi kuomba kwa niaba ya kaya nzima kwa kutumia haki ya mtoto aliye raia, na mtoto lazima awe alikuwa akiishi katika nyumba hiyo wakati wa janga. FEMA haiulizi hali ya uhamiaji ya wengine katika kaya ambao si waombaji. Kabla ya kutia sahihi tulikwenda kwa mwanasheria wa msaada wa kisheria, ambaye huduma yake kwa waathirika ilikuwa bure, akatusomea fomu kifungu kwa kifungu na kutueleza taarifa zetu zinaweza kupelekwa wapi na kwa sababu gani. Ninamshauri kila aliye katika hali kama yetu afanye hivyo kwanza, kwa maana kila kesi ina mambo yake, na ushauri wa binamu kwenye WhatsApp hautoshi. Asiyestahili kabisa fedha za serikali kuu bado anaweza kupokea malazi ya dharura, chakula, na msaada wa mashirika ya kidini na ya jamii.

Kuhusu lugha, ombeni mkalimani wa Kiswahili tangu mwanzo wa simu, na msikubali mtoto wa shule awe ndiye mkalimani wa mambo ya fedha na sheria. Mke wangu alipoelezwa kwa Kiswahili alichokuwa anatia sahihi, aliuliza maswali ambayo mimi sikuyafikiria.

Mwanachama wa Colorado

Sisi tulipitia moto wa Marshall wa tarehe 30 Desemba 2021, uliounguza nyumba zaidi ya 1,000 katika miji ya Louisville na Superior na maeneo ya Kaunti ya Boulder. Yaliyosemwa hapo juu juu ya FEMA na SBA ndiyo tuliyoyaona. Nitaongeza kwamba msaada wa jimbo, kaunti na mji huja baadaye, wakati ambapo wengi wamekwisha kuhama na kuacha kufuatilia. Kwetu, wengi waligundua kwamba bima yao haifikii gharama ya kujenga, ndipo jimbo likaanzisha mpango wa mikopo na ruzuku kwa waliopungukiwa. Endeleeni kujiandikisha kupokea taarifa za kaunti hata kama mmehamia jimbo jingine.

Swali kutoka kwa mwanachama mpya

Samahanini wakubwa. Jamii yetu ilifanya harambee kumsaidia dada mmoja aliyeunguliwa. Je, michango hiyo itamharibia kwa FEMA?

Mlezi wa wazee, Pasadena

Inategemea michango imeelezwa kuwa ya nini. Mchango wa kumsaidia kwa ujumla, wa pole na mahitaji ya kila siku, kwa kawaida haumzuii. Mkiandika kwamba ni wa kulipia kodi ya nyumba au kutengeneza paa, na FEMA nayo ikawa inampa fedha za jambo hilohilo, inaweza kuonekana amelipwa mara mbili. Waandaaji wa harambee waandike maelezo yao kwa uangalifu, nanyi mtunze rekodi.

Mama mwenye nyumba, Altadena

Nyongeza ya haraka juu ya kodi na mafundi. Kaunti ya Los Angeles hupunguza kodi ya mali, ile ambayo mwenye nyumba huilipa serikali, kwa nyumba iliyoharibiwa ikiwa hasara inazidi dola 10,000 na mwenye nyumba ameomba ndani ya miezi 12, na IRS, yaani mamlaka ya kodi ya serikali kuu, nayo iliahirisha tarehe za kodi ya mapato za kaunti yetu hadi 15 Oktoba 2025. Fundi wa nyumba California lazima awe na leseni, na malipo yake ya awali hayatakiwi kuzidi asilimia 10 ya mkataba au dola 1,000, kipi kiwe kidogo. Anayedai zaidi ya hapo, au anayetaka ada ili akujazie fomu ya FEMA, mkimbieni, kwani kujiandikisha ni bure.

Mwanzilishi wa mada, Pasadena

Asanteni sana nyote. Mmoja wetu ameniomba nieleze rufaa, kwa kuwa nilimsaidia mama mzee wa kanisani kwetu kuiandika. Muda wake ni siku 60 tangu tarehe iliyo kwenye barua ya uamuzi, si tangu siku uliyoifungua. Andika barua fupi yenye sababu moja au mbili, uambatishe ushahidi wa sababu hizo tu, na kila ukurasa uwe na namba yako ya usajili pamoja na namba ya janga, ambayo kwa mioto hii ni 4856. Huyo mama alikataliwa kwa kuwa mkaguzi hakuona uharibifu, nyumba yake ikiwa imesimama wima. Tuliambatisha picha za masizi ndani ya mifereji ya hewa, makadirio ya fundi mwenye leseni, na barua ya daktari wake wa mapafu. Ukaguzi ulirudiwa, na fedha za kusafisha nyumba zikaingia katika akaunti yake.