Wakuu, nimeletewa sarafu ya Martinianus hapa İzmit. Niinunue au niiache?

Habari za jioni wakuu.

Nasoma hapa İzmit, Uturuki, mji ambao zamani ukiitwa Nicomedia. Tasnifu yangu inahusu vita vya mwaka 324 kati ya Konstantino na Licinius, watawala wawili wa Dola la Roma. Juzi jamaa mmoja anayejua ninachosoma alinifungulia kitambaa, ndani sarafu ya shaba ya upana wa kama sentimita 2, imeota kutu ya kijani. Kichwa chenye taji la miale. Nikamulika na tochi ya simu, nikasoma herufi moja moja: D N M MARTINIANO P F AVG. Nyuma yupo Jupita amesimama, na mateka kakaa chini miguuni pake.

Mikono ilinitetemeka. Martinianus alikuwa mkuu wa maofisa wa ikulu ya Licinius. Tarehe 3 Julai Licinius alipigwa Adrianople, akamvika huyu zambarau, vazi la mfalme, watawale pamoja, akamtuma Lampsacus azuie jeshi la Konstantino lisivuke mlango wa bahari. Konstantino akavukia kwingine, kwa mashua nyepesi. Tarehe 18 Septemba wakapigwa tena Chrysopolis, utawala ukaishia hapo. Waandishi wa kale wanamwita Kaisari, yaani mtawala aliye chini ya Licinius. Sarafu zake zinamwita Augusto (hiyo AVG), sawa naye. Ndiyo maana naitaka sana: hapo anataja cheo chake mwenyewe.

Hela ninayo, ila ni ya kodi ya chumba. Nikimaliza masomo ningerudi nayo Tanga. Nishaurini.

Kijana wa Makadara
Mkuu, usithubutu. Sheria ya huko namba 2863 inakataza kutoa vitu vya kale nje ya nchi, na kifungo chake kinafika miaka 12. Utaanza kueleza mambo ya tasnifu uwanja wa ndege, begi limeshafunguliwa?

Fundi Sonara
Mimi naogopa kitu kingine. Licinius alipigiwa sarafu za sura hiyohiyo, Jupita yuleyule, mji uleule, na zake ni nyingi. Mwenye mkono mwepesi anachonga upya jina tu. Tazama kwa lenzi: uwanja unaozunguka herufi ukiwa umebonyea kuliko sehemu nyingine, au kutu imekatika pale pale penye jina, ujue imeguswa.

Mwalimu wa Zamu
Mwanangu, pole na hongera, maana kuishika tu ni bahati. Usisahau Licinius alishafanya hivi kabla. Alipopigwa Cibalae alimpandisha Valens, kamanda wa mpaka wa Dacia. Mwaka 317 Konstantino hakukubali amani mpaka Valens aondolewe, na Licinius akamtoa, akauawa. Martinianus aliyajua hayo alipopokea zambarau. Mwisho wake nao haukuwa mzuri: Constantia, mke wa Licinius na dada wa Konstantino, aliwaombea uhai, Martinianus akapelekwa Kapadokia, na haukupita muda akauawa. Hilo la kukubali cheo huku akimjua bosi wake ndilo ningependa kulisoma kwenye tasnifu yako, na halihitaji sarafu mfukoni. Omba barua ya msimamizi wako, uende Makumbusho ya Akiolojia ya Istanbul wakuonyeshe sarafu za mwaka ule.

Mleta uzi
Asanteni sana. Habari ya Valens ninayo kwenye sura ya kwanza, lakini sikuwahi kumtazama Martinianus kama mtu aliyeijua. Nitaiandika upya. Sarafu siichukui. Ila swali moja: huyu jamaa anasema iliokotwa shambani kwa mjomba wake. Nimwambieje?

Kijana wa Makadara
Mwambie sheria inampa aliyeokota siku 3 kuarifu makumbusho ya karibu au mkuu wa kijiji. Mjomba akiipeleka mwenyewe ni afadhali kuliko kukutwa nayo. Mpigie leo leo, usingoje kesho.

Mleta uzi
Nimempigia. Anasema anaongea na mjomba usiku huu.